Kisulisuli Kilinichana Mguu, Pepopunda Ikataka Roho

Ndugu zangu, kabla ya siku ile sikuwahi kulazwa hata mara moja. Mimi na mama tulikuwa wakimbizi kutoka Burundi. Nilitoka kambini bila kibali, nikaja Ujiji kuanika dagaa kwa Bi Zaituni, mjane mwenye vichanja vyake ufukweni.

Alasiri moja dhoruba ilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Ilipogusa nchi kavu ikazaa visulisuli: kimoja, kisha viwili, kisha sikuhesabu tena. Bati liling'oka kwenye banda, likaja likizunguka, likanipasua shavu la mguu mpaka nyama ikaning'inia.

"Twende hospitali," alisema Bi Zaituni.

"Wataniuliza kibali, mama. Watanikamata."

Nikapaka majivu, nikafunga kitambaa.

Siku ya nane taya zilikaza. Uji ulinimwagikia kidevuni. Kufika mchana mgongo ulijipinda kama upinde, nikajikojolea, na akili yangu ilikuwa nzima, nasikia kila neno. Bi Zaituni hakunisikiliza tena. Alinilaza kwenye mkokoteni wa samaki, akausukuma mwenyewe mpaka hospitali.

"Huyu ni nani wako?" karani aliuliza.

"Mwanangu. Andika hivyo."

Daktari aliugusa mguu, nikakakamaa mwili mzima. "Ni pepopunda," alisema. "Mmechelewa, mama, lakini tutapambana."

Waliniweka chumba chenye giza, maana hata mlio wa kijiko ulinishtua misuli. Niliuma ulimi, damu ikajaa mdomoni. Walinikata nyama iliyooza, wakanilisha kwa mpira wa puani. Mama alifika kutoka kambini, akanishika kisigino akirudia kwa Kirundi, "Mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu.

Wiki ya tatu muuguzi alipima kwa vidole mdomo wangu unavyofunguka, akacheka. "Leo kimeingia kidole kimoja. Kesho viwili."

Nilitoka kwa magongo. Leo natembea, nachechemea kidogo tu.

Ndugu yangu, ukikatwa na bati au msumari, osha kwa maji na sabuni, kisha kimbilia sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Usipake majivu. Usiogope karani, hakuna aliyenikamata.

Namshukuru Mungu, daktari na wauguzi wale. Binti yangu wa kwanza nilimpeleka kanisani kubatizwa Zaituni. Padri aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Bi Zaituni mwenyewe alikaa benchi la mbele, na ushungi wake, akilia.