Kuba la Mabati

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi ambayo hadi leo ikinijia akilini natafuta mtu wa kugombana naye, na leo, mwanangu, umejileta mwenyewe. Jana ulikaa hapo na simu yako ukimwonyesha mwenzako makanisa ya Ulaya, makuba na minara, ukasema bila kupepesa jicho kwamba huku kwetu Nyeri hakuna jengo la kumfanya mtu asimame atazame. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na mgeni. Leo hakuna mgeni. Kaa chini.

Lilikuwapo. Lilikuwa nje kidogo ya Gatitu, kanisa la mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, na paa lake lilikuwa la vipande vya mbao za mtarakwa vilivyopauka kwa mvua ya miaka mingi. Halikuwa kubwa. Lakini kuimba ndani yake! Miaka ile ya tisini nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza, msichana mwenye mapafu na maringo. Tulikuwa tukijifunza kazi moja kubwa ya mtunzi wa Kijerumani aliyekufa zamani, sauti nne zinazofukuzana, na mwalimu wetu alikuwa akituambia tukifika mwisho tunyamaze, tusikilize. Ukinyamaza, wimbo ulikuwa bado uko juu kwenye mbao, unashuka polepole. Mara ya kwanza nililia. Kwa hiyo usidhani nachukia vya Wazungu. Kizuri ni kizuri, akitunge nani akijenge nani.

Sasa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Kariuki, mzaliwa wa hapa hapa, akaenda kuhiji Roma. Alirudi na kalenda. Ilikuwa na picha ya lile kanisa lenye kuba kubwa linalojulikana dunia nzima, naye akaitundika pale mlangoni ili kila anayeingia aione. Kuanzia siku hiyo kanisa letu likawa aibu. Baada ya ibada alikuwa akisimama mbele na kuuliza, "Wageni wakikuja wataona nini hapa? Hii ni kanisa ama ni stoo ya viazi?" Watu walicheka kwanza. Kisha wakaanza kuona haya, kisha wakafanya harambee ya kulibomoa na kujenga jipya lenye kuba. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Hakuja adui kutoka mbali kutubomolea. Tulijibomolea wenyewe, tena kwa makofi.

Wanawake wazee hawakuulizwa. Na ni wao waliolijenga! Wanaume walichonga mawe kule mtoni Chania, sawa, lakini nani aliyapandisha kile kilima? Mama zao na wake zao, kila mmoja na ukanda wake wa ngozi umepita juu ya paji la uso, jiwe mgongoni. Cucu Wangeci, mama yake baba yangu, aliyapandisha akiwa na mimba ya baba. Ukanda ule ulimwachia bonde kichwani, hapa juu ya nyusi, ambalo kidole changu kilikuwa kikiingia nilipokuwa mdogo.

Jumatatu hiyo tingatinga lilipokuja, sisi wa kwaya tulikuwa tukifanya mazoezi katika darasa la shule iliyo karibu. Tulisikia ukuta wa kwanza ukianguka, mwalimu akashusha mikono. Tukatoka nje. Barabarani walikuwa wanakuja vikongwe, Cucu mbele, na kila mmoja alikuwa ameshika ukanda wake wa kubebea. Sikuwa nimewaona na kanda hizo tangu utotoni.

Dereva akazima injini. Cucu akamwendea Kariuki, hata salamu hakumpa.

"Kariuki, hii nyumba hutaki, ni sawa. Basi nirudishie jiwe yangu."

Kariuki akacheka kidogo. "Haiya, Cucu, kwani utajua yako ni gani? Hizi zote zinaenda kutandikwa hapo chini, magari ya wageni isikwame kwa matope."

"Ya kukanyagwa na magari?" Cucu akanyoosha mkono kuelekea wale wenzake. "Sisi tulibeba zote. Mama yako alibeba, akaenda nyumbani akakupikia na hiyo mgongo. Wewe umebeba gani? Tuonyeshe moja tu."

Mwanangu, nilimwona mtu mzima akirudi nyuma kuwapisha vikongwe. Lakini hakuomba radhi, na tingatinga halikurudi lilikotoka. Hilo ndilo linalonichoma. Wazee wakainama, kila mmoja akafunga jiwe lake. Cucu lilimshinda kunyanyuka nalo, akauvua ukanda akanivika mimi. Nilidhani shingo itakatika. Nyuma yangu kwaya nzima ilikuwa imebeba, kila mmoja akifuatana na mwenye jiwe.

Kanisa jipya likajengwa, refu, pana, na juu yake kuba la mabati lililopakwa rangi ya fedha. Ukitazama kutoka barabarani ungedhani ni sufuria iliyofunikwa. Siku ya kulifungua akaja askofu, na kwaya tukasimama kuimba ile kazi ya Mjerumani ambayo tulikuwa tumeihangaikia mwaka mzima. Ilikuwa Aprili. Unaijua mvua yetu ya Aprili. Tulikuwa hatujamaliza ukurasa wa kwanza ikamwagika juu ya mabati yale, na kuanzia hapo nikawa naona midomo tu. Mwalimu alirusha mikono kama anayefukuza nyuki. Askofu aliweka kiganja sikioni. Tuliimba hadi mwisho tukaketi, na watu waliendelea kututazama wakidhani hatujamaliza.

Mvua ilipokatika, Cucu alisema kwa sauti, na kanisa zima likasikia: "Kariuki, leo hata Mungu amesikia mabati peke yake."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na mimi nasema hata kuba la kuazima halisitiri.

Basi sikiliza, na usinikatize. Lile kanisa la kwenye kalenda lingekuwa limeangukia mikononi mwa kamati kama yetu, leo usingekuwa na picha ya kuonyesha mtu. Unadhani lilizaliwa maarufu? Lina umaarufu kwa sababu wenyewe walilitunza, wakaziba paa lilipovuja, na kila kizazi kikakataa kuona haya kwa kazi ya mababu zake. Na wimbo ule wa Mjerumani tuliupata kwa sababu kuna watu waliendelea kuuimba baada ya yeye kuzikwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Vitazame vya watu, vipende, vijifunze. Lakini ukirudi nyumbani uulize kwanza nani alibeba, ndipo useme hakuna kitu.

Jiwe la Cucu hatukulijengea chochote. Aliliweka mlangoni mwa jiko lake, na kila jioni alikaa juu yake akimenya maharagwe hadi mwaka aliotuacha. Nilipoolewa nikaomba nije nalo. Ni lile jiwe pana la kijivu hapo mlangoni, ambalo wewe hufutia juu yake matope ya viatu kila ukitoka shambani.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho karibu, mwanangu, akupe mgongo wa kubeba kitu ambacho wajukuu wako hawatakionea haya, na siku utakapoimba usikike. Thaai, amani iwe nawe. Sasa nenda ukachote maji ulisugue, na kuanzia leo viatu utavifutia kwenye nyasi.