Koti la Vifungo Sita

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, najijua. Kompyuta ya ofisini ikikwama naipiga kofi ubavuni, na mlango ukigoma kufunguka naufokea kana kwamba una masikio. Naanza kwa kukiri hilo kwa sababu bila hasira zangu mambo haya yangeisha siku ya kwanza, na godoro letu lisingefungwa kamba.

Mke wangu ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi. Tulipooana yeye alikuwa anafundisha Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, na mimi nilikuwa karani wa masjala hapa Dodoma mjini. Tukasema ni suala la miezi michache, ataomba uhamisho wa kumfuata mwenza wake. Weee! Miezi michache ikawa miaka sita. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba hakuna wa kuziba pengo lake, ya pili haikujibiwa kabisa, ya tatu ikarudishwa kwa kukosa muhuri. Mimi ninayeshinda natunza mafaili ya watu nilijua fika kwamba faili la mke wangu limelala mahali, na sikuwa na uwezo wa kuliamsha. Tulikuwa tunaonana likizo na sikukuu. Tunaanza kuzoeana upya, na tukishazoeana tu, muda wa basi umefika.

Uhamisho ulipotoka kweli nilipiga yowe masjala nzima ikasimama. Halafu nikasoma vizuri. Shule aliyopangiwa ilikuwa mbele ya Msalato huko, kilomita kumi na tisa za vumbi kutoka nyumba tuliyopanga, njia ambayo gari la abiria hupita siku likijisikia. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa muungwana, akampigia simu kumwambia kuna chumba kitupu kwenye nyumba za walimu, akikitaka ni chake. Nikasema hapana. Sikungoja miaka sita ili mke wangu akalale kilomita kumi na tisa mbali nami. Ndipo nikanunua pikipiki.

Ilikuwa mpya, nyekundu, nailoni ya kiwandani bado imeng'ang'ania siti na kioo cha spidi, na nikapiga marufuku mtu kuibandua. Niliitunza, jamani. Niliambiwa injini mpya hailazimishwi, nikawa natembea nayo polepole mpaka wenye baiskeli wananipita na kunipungia mkono. Oili ya kwanza niliimwaga kabla ya kilomita nilizoelekezwa kwa kuwa sikuweza kusubiri. Kila jioni nakaza cheni, napima upepo, nafuta spoku mojamoja kwa kitambaa. Wiki nzima kabla mke wangu hajafika niliijaribu ile njia ya shule, kwenda na kurudi, na haikukohoa hata mara moja.

Akaja na mabegi mawili, godoro, beseni, jiko la mkaa na bahasha kubwa ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na koti. Si la kwangu, la pikipiki, la kuvalisha tangi la mafuta. Alilishona Kibakwe mwaka ule ule barua ya tatu iliporudi, wakati hatuna hata uwezo wa kununua tairi. Alipima tangi la pikipiki ya jirani yake, akashona kwa kitenge cha bluu, akadarizi ua kubwa la njano pale juu, na kwa ndani akaweka nailoni nzito ili vumbi la Dodoma lisije likaingia kwenye mfuniko wa mafuta. Vifungo sita, vitatu kila upande. Tangi letu lilikuwa kubwa kidogo kuliko la jirani, kwa hiyo koti lilibana kama nguo ya sikukuu ya mwaka juzi.

"Ulijuaje kama tutanunua pikipiki?" nikamuuliza.

"Sikujua," akasema. "Nilikuwa nashona tu nisilie."

Nikachutama nikamsaidia kufunga vifungo vya upande wangu.

Jumatatu tukatoka alfajiri, yeye nyuma, begi la madaftari katikati yetu, na mimi najiona mfalme. Tulipofika kwenye korongo kavu, kilomita kama kumi na mbili kutoka nyumbani, pikipiki ikaanza kupwaya, ikakohoa, ikazima. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya.

"Wewe!" nikaifokea. "Mpya wewe! Unaniaibisha mbele ya mke wangu siku ya kwanza? Sijakunywesha oili? Sijakuogesha?"

Nikiwa nafoka hivyo hivyo nikafungua vifungo, nikafunua koti, nikafungua mfuniko nitazame petroli. Petroli ipo tele. Nikaitikisa, nikafunga, nikapiga kiki kwa hasira, na mashine ikaitika. "Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Inataka kusemwa." Yeye akarudisha vifungo vyake vyote sita, tukaenda.

Jioni nilipomfuata, ikazima tena, safari hii kwenye mashamba ya zabibu tukiwa tumekaribia nyumbani. Kesho yake asubuhi korongoni, jioni kwenye zabibu. Keshokutwa vilevile. Kila mara nafoka, nafunua, natazama petroli, nafunga, inawaka. Lakini nikiwa peke yangu, narudi mjini kazini au namfuata jioni, mtoto mtiifu! Inakwenda inaunguruma vizuri mpaka nafika.

Basi nikafanya kosa ambalo mwanaume mwenye akili asingefanya. Nikasema kwa sauti, "Inazima ukipanda wewe tu."

Akashuka. "Sema tu mimi mzito."

"Sijasema mzito."

"Umesema kwa kuzunguka."

"Mke wangu, nazungumzia mashine!"

"Na mimi nazungumzia mashine. Mashine imekwambia mimi mzito." Akanuna mpaka shuleni, na alipokuwa anaingia getini akageuka kuniangalia nikakuta anajizuia kucheka. Yule mwanamke nampenda, basi tu.

Nikaipeleka kwa fundi mtaa wa Majengo, mzee mmoja wa Kondoa ambaye mikono yake ina oili lakini kanzu yake haina hata tone. Nikamwamkia, nikamweleza. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuosha mikono kwa sabuni, akafungua vifungo sita taratibu, akalivua koti, akalikunja, akalitundika juu ya kiti chake. "Kazi ya mtu hii," akasema, "haiguswi na grisi." Ndivyo alivyo, hata siti ya gunia ataitoa kwanza kabla hajaanza. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapuliza bomba la mafuta, akaipanda mwenyewe mpaka Msalato na kurudi. Haikuzima. Akalilaza koti juu ya tangi, akanikabidhi.

"Nzima kabisa, mwanangu. Inaomba dereva mtulivu tu."

"Mzee, na wewe unanitania?"

"Sikutanii. Nimekusikia unavyokuja, umeanza kugombana nayo tangu kona ile."

Kesho yake korongoni ikazima. Nikarudi kwa fundi mara ya pili, akalivua koti, akalikunja, akaizungusha mji mzima na abiria mnene nyuma kwa ajili ya kunipima maneno. Haikuzima. Mara ya tatu nilimwona ananiangalia kwa huruma, si ile ya pikipiki.

Wakati huo mke wangu alikuwa anachelewa. Si sana, dakika ishirini, nusu saa, lakini kipindi cha kwanza kilikuwa chake na cha darasa la saba, na watoto wenyewe wanakaribia mtihani. Alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, anawakuta wamekaa kimya wanamsubiri, na hilo ndilo lilimuumiza kuliko kama wangekuwa wanapiga kelele. Wiki ya tatu, Jumatano, tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini.

"Jumamosi nahamia kwenye kile chumba."

Nikasema pikipiki itapona. Akasema inawezekana, ila mtihani hausubiri pikipiki. Nikasema basi tununue nyingine.

"Sikuachi, bwana wee. Ijumaa jioni nitakuwa nakuja, Jumapili narudi."

Ijumaa naja, Jumapili narudi. Maneno yale yale ya Kibakwe. Alhamisi usiku nilipotoka kuoga nikakuta ameshakunja godoro na kulifunga kamba, limesimama kwenye kona ya chumba, na mwenye guta la kubebea mizigo ameshaambiwa aje Jumamosi asubuhi. Tukalala kwenye mkeka. Godoro ni lake, alilinunua mwenyewe Kibakwe. Nilishindwa hata kumwambia tulifungue kwa siku mbili hizo.

Ijumaa tukatoka kama kawaida. Korongoni ikazima kama kawaida. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, sikuwa na neno. Sikufoka. Sikuwa na nguvu ya kufoka. Nilikaa nimeshika usukani, naye kakaa nyuma, na pale korongoni kulikuwa kimya hata ndege hakuna. Nikashuka. Nikafungua vifungo taratibu, kimoja kimoja, nikafunua koti, nikashika mfuniko wa mafuta nikauzungusha.

Fyuuuu.

Hewa ilikuwa inaingia ndani. Imevutwa, ndefu, kama mtu aliyezibwa pua ameachiwa. Nikasimama na mfuniko mkononi. Wiki tatu sauti ile ilikuwa inatoka kila asubuhi na kila jioni, na wiki tatu nilikuwa naifunika kwa mdomo wangu.

Nikaugeuza mfuniko. Una kitundu kidogo, kama cha sindano, cha kupitisha hewa. Nikatazama koti, nailoni nzito kwa ndani, lilivyobana juu ya kitundu hicho. Na yote yakajipanga. Nikimshusha shuleni nilikuwa nafungua kutazama mafuta, na vifungo sita kwa mtu mwenye haraka ya masjala sivirudishi, naliacha koti linaning'inia. Fundi kwa heshima zake analivua kabisa. Anayelifunga vizuri, kila safari, vifungo vyote, ni mmoja tu.

Haki ya Mungu nilitaka kudanganya. Nilishafungua mdomo nisingizie petroli chafu. Ningelificha lile koti, ningesema limeibiwa, chochote, kuliko kumwambia kwamba kitu alichoshona asilie ndicho kinachotutenganisha.

Lakini yeye ni mwalimu wa sayansi, na alikuwa ameshashuka.

"Kopo la maziwa," akasema.

"Nini?"

"Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja hayamiminiki. Lazima matundu mawili, moja la kuingiza hewa. Nimefundisha darasa la nne juzi tu, na kopo mkononi." Akaweka kidole kwenye ile nailoni, akakipitisha pole pole. "Nimeliziba. Ni mimi nimeliziba."

"Ni mimi niliyekuwa napiga kelele nisisikie," nikamwambia. "Wiki tatu nzima nagombana na chombo kinachoomba hewa."

Akaanza kucheka, halafu akawa analia, halafu vyote viwili. Mimi pia. Tulisimama katikati ya korongo watu wazima wawili tunafutana vumbi kwenye mashavu.

Nikasema tutaliacha bila vifungo. Akakataa, akasema hakushona kitu cha kupeperuka. Akafungua pochi yake akatoa wembe wa kuchongea penseli za watoto.

"Usikate ua!"

"Shika hapo, vuta."

Nikavuta. Akakata duara, katikati kabisa ya lile ua la njano, alilolidarizi mwaka ule wa barua ya tatu. Akalivalisha tangi, akafunga vifungo sita, mfuniko ukatokeza pale katikati ya ua. Nikapiga kiki moja. Siku hiyo alichelewa darasani kuliko siku zote, na jioni tulipita kwenye mashamba ya zabibu bila kusimama. Nilipofika mwisho wa mashamba nikamsikia nyuma yangu anashusha pumzi.

Hakusema kitu kuhusu chumba. Na mimi niliogopa kuuliza. Usiku ule tulilala tena kwenye mkeka, godoro limesimama kwenye kona na kamba zake.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta hayupo ubavuni. Alikuwa nje barazani, namwona kupitia dirishani, amepakata koti anapinda ukingo wa lile tundu kwa uzi wa njano. Nikaenda kwenye kona, nikafungua kamba, nikalilaza godoro sakafuni na kujitupa juu yake, mikono na miguu nimeitanua, kusudi akitaka kulichukua anichukue nalo.

Nikasikia guta linakuja, likasimama. Jamaa akasalimia, akauliza mzigo uko wapi.

"Samahani kaka, nimekusumbua bure," nikamsikia mke wangu. "Safari haipo tena."

"Na godoro?"

Nikajua ameinua kichwa ameniona kupitia dirishani.

"Godoro lina mtu," akasema.