Amplifaya za Okech

Siku yangu ya kwanza kazini Migori, Fundi Mkuu aliniwekea valvu kiganjani, kile kichupa cha kioo kinachowaka ndani na kuikuza sauti ya gitaa. "Ishike kama yai," akasema. Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Okech. Tuliunda amplifaya ndogo za kubeba kwa mkono mmoja, na miaka hiyo ya sitini wapiga gitaa walizinunua sana. Walizifunga kwenye baiskeli wakaenda nazo kwenye mazishi na harusi, jenereta ikifuata nyuma.

Lakini za Okech zilinunuliwa zaidi. Mimi ni mzee sasa, wacha niseme ukweli: nilimwonea wivu hadi ugali ukanikwama. Tulifundishwa na mtu mmoja, transfoma zetu zilikuwa za aina moja, na bado mteja akiingia anauliza kama ya Okech iko. Tulipohamishiwa tawi la Homa Bay, sifa zake zilifika kabla yetu. Nikajiambia ni bahati tu.

Okech alikuwa Msabato, Jumamosi hashiki chuma. Jumamosi moja akaja mpiga gitaa wa Rusinga, anamzika babake alasiri hiyo. Amplifaya yake, kazi ya Okech, ilikuwa imenyamaza. Nikaifungua: fyuzi imekatika, kazi ya dakika moja. Nikaona pia kila valvu imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikacheka moyoni, ushamba gani huu.

"Transfoma imeungua," nikamwambia. "Nunua yangu."

Akanunua. Barabara ya Mbita, njia ya kwenda kwao, wakati huo ilikuwa mawe matupu. Alipofika, valvu zangu zilikuwa zimechomoka, mbili zimepasuka.

Jumatatu alirudi na amplifaya zote mbili, akaenda moja kwa moja kwa Okech. Okech akabadilisha fyuzi ya ile ya kwanza, sauti ikatoka. Wote wawili wakanigeukia.

"Baba yangu amezikwa kimya," yule mtu akaniambia, akaondoka.

Nikangoja Okech amwite Meneja wa tawi. Hakumwita. Alichukua makasi na tyubu kuukuu, akaketi kwenye meza yangu.

"Omera, ndugu yangu, lete zako tuzifunge," akasema. "Barabara haijui fundi ni nani."

Siku hiyo nilimchukia kuliko siku zote.

Transista, zisizohitaji valvu, zilikuja zikamaliza soko letu, nami nimestaafu. Vijana bado huniletea amplifaya zangu za zamani, wakasifu jinsi nilivyofunga valvu. Miaka yote hiyo nimejibu asante tu. Leo nimetaja jina lake, na bado linaniuma.