Mechi Aliyoiacha Mjomba Rajabu

Harufu ya udi ikichanganyika na vumbi la Agosti hunirudisha Makole, kwenye sebule yetu yenye dirisha bovu, ambamo upepo wa Dodoma uliingia na kutoka bila kupiga hodi. Hapo ndipo alipokaa Mjomba Rajabu, mdogo wake Mama, karani wa serikali aliyejifunza kriketi akisoma Dar es Salaam na kuturudia na ugonjwa huo. Mtaa mzima ulijua mpira wa miguu tu, kwa hiyo mwanafunzi wake nikawa mimi, mtoto nisiyekuwa na pa kukimbilia. Alinifundisha kwa chakula. Mechi ya ova ishirini, ambamo kila timu hurushiwa mipira sita mara ishirini na mambo yakaisha kwa saa tatu, aliiita chipsi. Ya ova hamsini, inayokula siku nzima, ilikuwa wali. Lakini ile ya siku tano, timu zikipiga kwa zamu mbilimbili na kusimama ili wachezaji wale na wanywe chai, hiyo ilikuwa makande, na makande hayaharakishwi. Nilipouliza nani hushinda, alicheka. "Makande yanaweza kuiva asishinde mtu, mama. Siku zinakwisha, wanapeana mikono, wanakwenda kwao." Niliona ni upuuzi mtupu.

Alifariki jioni ya siku ya pili ya mechi kama hiyo, kitini pake mbele ya televisheni, kikombe cha chai kikiwa pembeni. Tulimzika kesho yake. Wanawake wakatandika mikeka sebuleni, televisheni ikafunikwa kanga kama ifanywavyo msibani, kiti chake kikasukumwa pembeni. Mimi niliogopa kwa sababu moja ambayo wengine hawakuijua: mechi yake ilikuwa bado inaendelea. Mjomba hakuwahi hata siku moja kuondoka mbele ya mechi ya siku tano kabla haijaisha. Nikawaza, basi hajaondoka.

Alasiri ile, saa ambayo wachezaji husimama kunywa chai, kiti kililia kama kilivyokuwa kikilia akiinuka. Hapakuwa na mtu juu yake. Wanawake wakaendelea kusoma dua kwa sauti kubwa zaidi. Siku iliyofuata, saa ileile, kikatoa mlio uleule, na mto wake ulikuwa umebonyea ingawa nilikuwa nimemwona jirani akiupigapiga hadi ukajaa. Nilimwambia Mama. "Asiyekuwepo na lake halipo," akanijibu, macho yamevimba. "Nyamaza." Lakini Bibi, aliyekuja kutoka Mlali kumzika mwanawe, mwanamke ambaye hakuwahi hata kuutupia jicho mchezo ule, aliniita karibu.

"Mchezo wake unaisha lini, mjukuu wangu?"

"Kesho jioni, Bibi."

"Basi matanga hayaanuliwi kabla ya hapo."

Kesho yake wazee walitaka kuanua matanga mapema, wageni wasafiri na mwanga. Bibi alikataa. Aliiondoa kanga kwa mkono wake, akaniamuru niwashe bila sauti. Watu wakanong'ona: televisheni msibani! Yeye akakaa mkekani na tasbihi yake, akitazama mchezo asioujua hata chembe. Upepo ulikuwa umetulia kabisa, jambo lisilo la kawaida mwezi ule. Wapigaji wawili wa mwisho waliuzuia mpira baada ya mpira, hawakimbii, hawatafuti kitu, mpaka muda ukaisha na wote wakapeana mikono.

"Nani kashinda?" Bibi akauliza.

"Hakuna, Bibi."

Kiti kililia mara moja. Mto uliobonyea ukajaa taratibu mbele ya macho yetu. "Haya, mwanangu," Bibi akasema. "Nenda." Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na sikuwa naogopa tena.

Leo naishi Ipagala, na wanangu hutazama ova ishirini kwenye simu. Mechi huisha kabla nguo hazijakauka kambani. Misiba nayo tumeifupisha. Mwaka juzi tulimzika Bibi kule Mlali asubuhi na kuanua matanga alasiri hiyohiyo, maana kila mtu alikuwa na kazi kesho yake, na mimi nikiwa wa kwanza kutazama saa. Hakuna aliyeuliza alikuwa ameacha nini nusu. Tangu hapo, alasiri nyingi, mimi husikia mtu akipepeta nafaka jikoni kwangu. Nikiingia, pananyamaza. Mechi ya Mjomba nilijua itaisha lini. Ya Bibi siijui.