Mbuzi Aliyepewa Jina la Bibi

Kitabu chetu kilinuka mafuta ya taa. Mwalimu alikibeba kutoka misheni ndani ya kapu moja na chupa ya mafuta ya nyumbani kwake, na njia ya kufika Kabambare ilikuwa ndefu, basi harufu haikutoka tena. Kilikuwa kimoja tu, cha Kifaransa. Yeye alisoma mstari, akatugeuzia kwa Kiswahili, nasi tuliobanana kwenye mabenchi tukaurudia kwa sauti. Kilisimulia urafiki wa punda mzee na bata katika shamba la Ulaya. Punda hatukuwahi kumwona, kwa hiyo Mwalimu alimchora ubaoni, akatoka sungura mwenye kwato. Tulicheka sana, lakini kilichonishangaza mimi ni kwamba kila mnyama wa shamba lile alikuwa na jina, hata kuku. Kwetu aliyepewa jina ni mbwa peke yake, tena jina la kumsema jirani. Wa kwetu aliitwa Wivu-Haujengi, na mama wa nyumba ya pili alijua vizuri anayeambiwa. Mbuzi alikuwa mbuzi tu.

Bibi yangu mzaa baba, jina lake Mauwa, alinisubiri kila jioni akitwanga sombe, majani ya muhogo, nimsimulie tulipofika kitabuni. Hakuwahi kukanyaga darasani, ila maswali yake yalinishinda. Jioni moja aliacha kutwanga. "Sasa huyo muzungu, kama nyama yake yote iko na majina, anakulaka nini?" Kesho yake nilimpelekea Mwalimu swali hilo. Alifunua kurasa mbele, akarudi nyuma, akasema kitabu hakisemi. Kuuliza si ujinga, lakini jibu lile halikunishibisha, nikaamua kujaribu mwenyewe nione inakuwaje. Tulikuwa na mbuzi jike mweupe aliyezoea kunifuata kisimani. Nikampa jina la mtu niliyempenda kuliko wote. Nikamwita Mauwa, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anaitika.

Sikujua kwamba baba alikuwa amekwisha kumpangia kazi. Wakwe wa dada yangu walikuwa njiani kutoka Wamaza kuja kumaliza mambo ya mahari, na mkwe hapokelewi kwa majani matupu. Asubuhi ile nilimwona baba na kisu mkononi, nikapiga kelele ili mbuzi akimbie: "Mauwa! Mauwa!" Mjinga yule akaja mbio hadi miguuni pangu. Na bibi naye akaitika kutoka jikoni. Baba akasimama palepale. Kwetu mwenye jina la mzazi wako ni mzazi wako. Mdogo wangu alirithi jina la babu, na baba hakuwahi kumchapa, alimwita "baba".

"Mutoto, uliita mbuzi jina ya mama yangu?"

Bibi alitoka, akainama kumtazama mbuzi usoni kwa makini, kisha akaangua kicheko. "Nani atamuchinja somo yangu, mwenye jina yangu? Wakwe wakule kuku." Baba, aliyethubutu kubishana hata na kapita, msimamizi wa pamba tuliyolazimishwa na Wabelgiji kulima, aliweka kisu chini akaenda kuomba majogoo kwa majirani. Wakwe walikula, wakanung'unika kidogo, na dada akaolewa.

Mvua zilizofuata, bibi alifariki. Watu wa matanga walijaa uani, na chakula kilikuwa haba. Baba aliniita kando, macho mekundu. "Mama ameenda," alisema. "Somo yake amusindikize. Unakubali?" Enzi zile hakuna baba aliyemwomba mtoto ruhusa, tena mtoto wa kike. Nilikubali. Nilimpeleka mwenyewe, nikimwita, naye akanifuata kama tunakwenda kisimani. Nilipewa kipande pamoja na wengine, nikakila. Kilikuwa kitamu, na utamu ule uliniuma kuliko msiba wenyewe.

Sasa naishi Kasongo, na wajukuu wangu huniletea mapaja ya kuku wa barafu kutoka madukani, hayana kichwa wala manyoya, hakuna ajuaye walikofugwa. Tunakula, tunashukuru, tunasahau. Nyama nyingi imepita kinywani mwangu tangu siku zile, lakini niliyemla nikimjua ni mmoja tu, na ndiye ambaye mpaka leo sijamaliza kummeza.