Shingo ya Fundi Dari

Fundi Dari hakuwa mtu wa kukaa kitako hata kabla ya ajali, lakini baada ya kugongwa ndiyo ilikuwa balaa. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akalala chali sakafuni, akaamka tena. Mkewe akifagia huku, yeye yuko huku. Akihamia kule, naye huyo kule.

"Baba watoto, tafuta mahali utulie, unanitia kizunguzungu!"

Angetulia vipi? Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa akifunga dari za jipsamu majumbani mwa watu, uso juu, mikono juu, skrubu zimebanwa mdomoni. Sasa shingo ilikuwa imegoma, na mtu huyu nje ya dari hakujua afanye nini na mikono yake.

Ajali yenyewe haikuwa na makeke. Alikuwa amesimama kwenye taa nyekundu ndani ya pikapu yake, gari la kampuni moja likaja kwa nyuma likampiga puu. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi nyuma, basi. Hakuna damu wala mfupa uliovunjika. Alishuka, wakapeana pole na dereva. Kesho yake asubuhi alishindwa kuinua kichwa kwenye mto.

Tabu ni kwamba watu huamini plasta. Mtu akisema tu "inauma" humtazama mara mbili. Picha za eksirei zilitoka safi, na watu wa bima ya gari lile la kampuni wakashikilia hapo hapo. Hata shemeji yake, kaka wa mkewe, hakumwonea huruma.

"Shemeji, siku hizi ukiitwa unageuka mzima mzima, utadhani kabati linahamishwa."

Fundi alicheka kwa heshima ya undugu, lakini moyoni alikereka.

Wakili wake, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alidai fidia kwa hoja moja: mteja wake hataweza tena kazi ya dari. Fundi alikubali, ila hilo neno "tena" lilimkosesha raha. Aliliona ni maneno ya mahakamani tu. Yeye alijua kwamba kesi ikiisha na shingo ikipoa, atapanda ngazi kama zamani. Kwa hiyo kila alipoulizwa hali yake alijiona mwongo kidogo, hata pale alipokuwa akisema kweli tupu.

Wakili alimwonya. "Usiigize, fundi. Ila ujue watakuangalia mpaka unavyopiga chafya."

Watu wa bima wakamwita kwa daktari wao. Sasa, fundi wa dari ana ugonjwa wake: hawezi kuingia chumba cha watu asikague juu. Aliposimama pale mapokezi macho yakapanda yenyewe, akaona ubao mmoja umevimba kwa maji karibu na feni, akauangalia vizuri ajue maji yanavujia wapi. Maumivu yakamchoma mpaka kwenye vidole. Alipojishika kisogo na kugeuka, daktari alikuwa mlangoni akimtazama. Ndani, alipoambiwa atazame juu, alisema hawezi. Daktari aliandika bila kumwangalia.

Mahakamani wakili wa bima alilivalia njuga jambo hilo.

"Pale mapokezi ulitazama dari, hukutazama?"

"Nilitazama."

"Na ndani ukasema huwezi."

"Ndiyo."

"Basi utuambie, ni wapi ulipodanganya?"

Watu wakaguna. Mkewe, aliyeketi benchi la mbele, akainamisha uso. Fundi alipandwa na hasira iliyochanganyika na aibu, na hapo ndipo akafanya jambo ambalo mwenye akili timamu hafanyi kwenye kesi yake mwenyewe. Alichoka kuitwa mwongo, na alichoka zaidi kuitwa asiyeweza. Potelea mbali fidia, alijisemea. Leo watamjua fundi ni nani.

"Mheshimiwa hakimu, naomba nioneshe ninavyofanya kazi."

Wakili wake akatikisa kichwa kumkataza. Fundi hakumwangalia. Hakimu akaruhusu.

Akasogea katikati ya chumba, akapanua miguu kama aliye juu ya ngazi, akainua uso. Akainua mikono, viganja juu, kama ameshikilia ubao. Mwanzoni alifurahi, kusema kweli nusura acheke. Kumbe inawezekana! Akaanza kufunga skrubu moyoni, kona ya kwanza, taratibu, bila papara. Moto ukamshika kisogoni, akauvumilia. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke, maana anayeshika ubao hapangusi machozi. Sasa kona ya pili. Chumba kizima kilikuwa kimya, na yeye aliuona ukimya huo kuwa ni heshima.

"Inatosha, fundi," hakimu akasema.

"Bado, mheshimiwa. Nikiachia sasa hivi ubao utaanguka. Niache nimalize kona hii."

Mkewe akaanza kulia kwa sauti.

"Fundi," hakimu akasema polepole, "mikono yako iko chini."

Akateremsha uso, akatazama. Mikono ilikuwa inaning'inia ubavuni, na yeye hakujua ilishuka saa ngapi.