Kengele ya mia na ishirini

Nna hasira, na mama yuko sebuleni anacheka.

Jana fundi mmoja wa mtaa wa Azaiba kanifungia spika mpya na amplifaya kwenye redio iliyokuja na gari.
Nikamuuliza, "Vitakubaliana na redio ya kiwandani?"
"Niachie mimi."

Leo nimempeleka mama Al Amerat kwa dada yangu.
Mama masikio yake mazito. Hukaa nyuma na tasbihi yake, na huwaambia watu hakuna mwanawe anayeendesha taratibu kama mimi.

Mnaijua ile kengele inayolia ndani ya gari ukipita kilomita mia na ishirini kwa saa? Siku zote yangu inalia kidogo tu, hata huijali.
Leo imepitia kwenye amplifaya. Viti vimetetemeka.

"Nini hicho?"
"Spika mbovu, mama."

Nikapunguza mwendo, ikanyamaza. Nikajisahau, ikalia tena.
Mama akainama mbele kutazama mshale wa spidi.

Nimempigia fundi. Eti kengele inatoka kwenye redio ile ile, na amplifaya inakuza kila kinachopita. Sasa jana ulimi wake ulikuwa wapi?

Anayemjua fundi mwengine anambie. Kesho nazing'oa spika hizi, na mama nimeshamwambia.

"Thubutu," kasema mama. "Miaka kumi unanichukua, leo ndiyo kwanza nasikia unavyoendesha."